Cheti Kwenye Ukuta wa Sindano

Nyumbani, 6 Januari

Mwanangu Daktari,

Salamu zangu zitangulie mlangoni kwako, mimi nazifuata nyuma na habari. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linagoma asubuhi, lakini likishapata joto linatembea lenyewe. Dada yako mshonaji amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, cherehani yake haipumui. Anasema koti jeupe ulilomwagizia limekwisha, bado vifungo tu. Paka wako ameua panya watatu wiki hii, akanipangia mlangoni kama askari wa gwaride.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti mbele ya dada yako, na mara ya tatu kwenye foleni ya bombani, maana maji yalikuwa yanatoka kidogokidogo na watu walikuwa hawana la kufanya. Sasa mtaa mzima unajua kwamba wewe, kitindamimba wangu, umeitwa kutoa maoni mbele ya kamati inayotaka kurekebisha sheria ya madaktari wa mifugo. Yote uliyoandika sikuyaelewa, lakini nimeyaeleza vizuri. Nimewaambia kwamba huko uliko daktari ni mmoja, naye ni wewe, na ukimaliza kumtibu ng'ombe wa upande huu wa mto, wa upande ule ameshakata roho. Nimewaambia unataka yule msaidizi wako mzee atambuliwe na Baraza lenu, asomeshwe, aandikwe jina. Na kwamba daktari wa mbali apewe pikipiki na sanduku la kutunzia chanjo, asiachwe kama mtu aliyetupwa. Mzee mmoja akauliza kwa nini usiombe kwanza nyongeza ya mshahara. Nikamwambia mwanangu hakulelewa hivyo.

Sasa nina habari nzuri. Kile cheti chako cha usajili ulichoniachia nikutunzie kwa sababu nyumba uliyopewa inavuja, nilikuwa nimekiweka sandukuni chini ya mashuka. Mwanangu, kitu kile kukificha chini ya mashuka ni dhambi. Nilikipeleka kwa seremala akakitia fremu na kioo, nikakitundika sebuleni. Lakini sebule yetu unaijua, giza totoro, na kiti cha mgeni kinakipa mgongo. Basi alipita yule mwenye duka la dawa za mifugo, huyu tunayemwita Sindano kwa sababu hata kuku akipiga chafya yeye humchoma. Akakisoma mpaka muhuri. Akaniuliza, "Mama Daktari, hiki hapa kinasomwa na nani, mijusi?"

Nilicheka, lakini neno liliniingia. Leo cheti chako kiko dukani kwake, ukutani, juu ya kaunta, kinapopigwa na mwanga wa dirisha. Anayeingia kununua dawa analisoma jina lako kabla hajamsalimu muuzaji. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini si lazima kwanza kionekane? Alinipa karatasi niweke saini kwamba nimekileta kwa niaba yako. Sikuandika jina langu. Niliandika "Mwakilishi wa Daktari" kwa herufi za kuungana, nikapiga na mstari chini yake, akasema hajawahi kuona mwandiko wa namna hiyo kwa mtu wa umri wangu.

Watu wananisimamisha njiani. Naandika haya nikiwa nimevaa viatu vya kutokea, sijui kwa nini.

Mama yako


Kituoni, 11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imechukua wiki tano. Lori la maziwa lilikwama ng'ambo ya mto na dereva aliiweka barua chini ya kiti mpaka maji yaliposhuka. Simu nayo bado ni ya kupandia kilimani, na kilima chenyewe sasa ni utelezi. Nimefurahi goti linatii. Mwambie Dada namshukuru kwa koti. Nyumba inavuja mahali patatu, nimehamishia kitanda jikoni. Msaidizi wangu anakusalimu sana, anasema mama wa daktari ni mama wa kituo kizima.

Sasa Mama, nakuomba usome hapa mara mbili, na usisomee bombani.

Nenda leo kwa Sindano ukachukue cheti. Si kwamba naona haya watu wakikiona. Duka la dawa za mifugo haliruhusiwi kufunguliwa bila daktari aliyesajiliwa kulisimamia, na alama ya kwamba daktari yupo ni cheti chake ukutani. Kikiwa pale, mimi niko pale. Kila dawa anayouza nimeiuza mimi. Kila mnyama anayemchoma nimemchoma mimi. Nami niko safari ya siku mbili.

Tena kuna jambo nililokuficha nisije nikaonekana najisifu. Mbele ya kamati nilisema mengi, lakini lililowafanya wapige meza ni hili la vyeti. Niliwaeleza jinsi madaktari wanavyotundika vyeti madukani wasikokanyaga, wauzaji wakachoma wanyama ovyo. Nikasema onyo halitoshi. Nikasema, daktari ambaye cheti chake kitakutwa dukani naye hayupo, asimamishwe siku hiyohiyo, bila kuonywa. Maneno yangu haya, Mama, yameandikwa na karani.

Kichukue. Na ile karatasi uliyoitia saini, ichukue pia.

Mwanao


Nyumbani, 19 Machi

Mwanangu Daktari,

Nakusalimu kwa salamu nzito, za kubebwa na watu wawili. Huku mvua imetusahau kabisa, sijui mmeichukua yote huko kwenu. Sare za shule zimekwisha lakini mwalimu mkuu amegundua suruali zote zina mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Dada yako anasema ni kitambaa, mwalimu anasema ni macho ya dada yako. Wamefikishana mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akavaa moja kuthibitisha, ikampasukia.

Mama Mapacha, jirani yetu, anakusalimu. Wale mapacha wake sasa ni wanawake wenye watoto, lakini jina limemganda. Yule ng'ombe wake mweusi ana mimba ya miezi mitano na bado anatoa maziwa. Anasema akizaliwa jike atampa jina lako, nikamwambia ajaribu kwanza kuomba ruhusa, wewe si mtu wa kupewa ng'ombe hivihivi.

Lile jambo la dukani usiliumizie kichwa. Nilikwenda siku ileile nilipopata barua, na viatu vya kutokea. Tumezungumza, limeshughulikiwa. Sindano ni mtu muungwana kuliko anavyoonekana.

Koti lako nimemkabidhi dereva wa lori. Lina mifuko minne. Nilimwambia dada yako mifuko miwili inatosha, akasema daktari ana vitu vingi vya kubeba. Kula vizuri, usiwe unakula umesimama.

Mama yako


Kituoni, 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Koti limefika, linanikaa vizuri, nimelivaa mara moja tu kwa sababu hapa kila kitu kinageuka tope. Nimecheka kwa habari ya mwenyekiti mpaka msaidizi akaja kuniangalia.

Umesema limeshughulikiwa. Hukusema umekitoa. Nimeirudia barua yako mara kadhaa nikilitafuta neno hilo, sikuliona. Mama, cheti kiko wapi? Niandikie neno moja tu, "sandukuni", nitalala.

Nauliza kwa sababu kanuni mpya zimetoka. Tulizipata wiki iliyopita, kurasa kumi na mbili, nikazisoma jikoni nikiwa nimekaa kitandani. Nilipeleka mambo matano. Kusomesha na kutambua wasaidizi, hakuna. Usafiri na vifaa kwa vituo vya mbali, hakuna. Daktari wa pili kila palipo na mmoja, hakuna. Baraza kuja kutukagua kazini na kutusaidia badala ya kukagua karatasi mezani, hakuna. La tano, la vyeti, wamelichukua lote, wakaliandika kwa maneno yangu kabisa. Niliwapelekea mkongojo na fimbo, wakachukua fimbo.

Tena wameongeza lao. Mtu asiyesajiliwa hatakiwi kumgusa mnyama kwa matibabu. Msaidizi wangu ana miaka ishirini na sita katika kazi hii. Yeye ndiye aliyenifundisha kumshika ng'ombe asiumie wala asiniumize, chuoni walinifundisha jina la mfupa tu. Sasa anakuja asubuhi, anafagia, anakaa mlangoni. Jana alimfukuza mbuzi aliyechechemea kwa kumpigia makofi kutoka mbali, akaniambia, "Sikumgusa, Daktari." Sikuweza kucheka.

Nangoja neno moja.

Mwanao


Nyumbani, 10 Juni

Mwanangu,

Nimekaa kuandika tangu asubuhi na sasa watu wanatoka kazini. Dada yako yupo, hajambo, amekataa kukusalimu kupitia kwangu, anasema atakuandikia mwenyewe. Amenikasirikia. Nitakueleza yote, ila usinikatize, ingawa najua kwenye barua mtu hawezi kukatizwa.

Siku ile nilikwenda kweli kuchukua cheti. Niliingia nimejiandaa maneno. Sindano akanivuta pembeni akasema mkaguzi anatarajiwa wakati wowote, akimkuta bila cheti atafunga duka na mifugo ya mtaa mzima itakosa dawa. Akaomba wiki mbili tu. Hiyo ndiyo sababu niliyompa dada yako. Lakini wewe nikupe ya kweli. Dukani walikuwepo wateja wanne, na wote waliposikia sauti yangu waligeuka wakasema, "Karibu, Mama Daktari." Wakanipisha. Mmoja akafuta kiti kwa kanzu yake. Mwanangu, nilishindwa kukitoa ukutani watu wale wakinitazama. Nilikaa kwenye kile kiti, nikakiangalia, nikarudi nyumbani. Wiki mbili zikawa nne, kisha nikaacha kupita njia ile.

Mwezi uliopita ng'ombe wa Mama Mapacha aliacha kula. Sindano alikuja akamchoma sindano mbili kwa mpigo, ya minyoo na nyingine sijui ya nini, hakuuliza kama ana mimba. Siku ya pili mimba ikatoka. Siku ya nne ng'ombe akafa, mweusi vile vile, ulimi nje, mapacha na watoto wao wote wamesimama uani.

Mama Mapacha alikuja kwangu. Hakuketi. Alisema, "Mimi huyo Sindano simwamini tangu zamani. Niliamini jina la mwanao." Halafu akasema ameshapeleka mashtaka, na kwamba anayemshtaki ni daktari, mimi hana neno na mimi. Nilitaka kumwambia daktari hana habari. Ningesema nini, kwamba ni mimi?

Mkaguzi alikuja baada ya siku nane. Akapiga picha cheti ukutani, akapiga picha na ile karatasi yangu, akaondoka navyo vyote viwili. Kwa hiyo hata hilo neno ulilotaka siwezi kukuandikia. Sandukuni hakipo na dukani hakipo.

Dada yako ameniambia, "Mama, ile haikuwa picha ya harusi."

Mama yako


Kituoni, 21 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya Juni imenipita njiani. Ilipofika hapa mimi nilikuwa nimeshakwenda kwenye Baraza, kwa hiyo niliingia kule nikijua kidogo kuliko wao.

Chumba chenyewe kidogo, meza ndefu, watu watano upande mmoja na kiti kimoja upande wangu. Hawakuwa wakali. Mmoja alinisomesha chuoni, alinitengea hata glasi ya maji. Mwenyekiti akasoma mashtaka, kisha akafungua kitabu cha kumbukumbu za kamati akayasoma maneno yangu yote, mpaka pale walipopiga meza. Akaniuliza kama bado nayaamini. Nikasema nayaamini. Mama, nayaamini mpaka sasa. Ng'ombe wa Mama Mapacha ndiye niliyekuwa nikimtetea.

Wakaniuliza cheti kilifikaje dukani. Nilisema nilikiacha mahali nisipopaswa kukiacha. Wakanionyesha ile karatasi, "Mwakilishi wa Daktari", na mstari chini. Nikaujua mwandiko kabla sijaishika. Kanuni mpya inasema anayepeleka cheti cha mwingine dukani anapelekwa mahakamani. Mwenyekiti akauliza kama namjua mwenye saini hii. Nikasema simjui.

Wameandika hivyo.

Nimesimamishwa miaka miwili. Nyumba nimeruhusiwa kukaa mpaka apatikane daktari mwingine wa kuja hapa, na wote tunajua maana yake ni nini. Sindano amepewa onyo, kwa sababu muuzaji bado anahukumiwa kwa sheria ya zamani. Waliogusa upande wa madaktari hawakugusa upande wa maduka.

Usijilaumu kwa sauti mbele za watu. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Mwanao


Nyumbani, 18 Agosti

Mwanangu,

Sina habari nyingi. Dada yako amelainika, jana alinipikia. Mama Mapacha tukikutana bombani ananisalimu kwa heshima, na heshima yake inaniuma kuliko angenitukana. Sindano duka lake liko wazi. Ukutani ametundika cheti cha daktari mwingine, sijui cha nani, kimefifia mpaka jina halisomeki. Nilisimama nje nikakiangalia nikajiuliza kama huyo naye ana mama.

Nimeamua nitakwenda kwenye hilo Baraza. Nitawaambia ni mimi. Mimi si mtu wa kuogopa meza ndefu, nimewahi kumsubiri mkurugenzi wa elimu kutwa nzima mpaka akakupa nafasi ya shule, unakumbuka, alinikimbia kwa mlango wa nyuma nikamkuta kwa nyuma. Dada yako ananipinga. Anasema, ukisema ni wewe, utakuwa umesema mwanao alidanganya. Nikamwambia alidanganya kwa wema. Akasema nimwonyeshe kwenye hizo kurasa kumi na mbili palipoandikwa wema.

Nimeshafua gauni. Nitakwenda mwezi ujao mwishoni, goti likiniruhusu.

Mama yako


Kituoni, 12 Septemba

Mama,

Shikamoo. Usiende. Naandika haraka ili lori lisiniache. Nimekuomba jambo moja mwaka huu ukachelewa, hili la pili usilifanye kabisa.

Najua unaniwazia, basi nikueleze hali ilivyo, usiijaze kwa mawazo. Juzi alikuja mchungaji na ng'ombe aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mguu mmoja wa ndama umetoka, wa pili umekunjika ndani. Ni kazi ya nusu saa. Nimeifanya mvuani, nimeifanya nikiwa na homa. Nikamwambia siruhusiwi. Akadhani ni yeye nisiyemtaka, akaniuliza amenikosea nini. Nikamweleza Baraza, kanuni, kusimamishwa. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa nimshike wapi?"

Msaidizi wangu naye hakuruhusiwa. Tulisimama mimi na yeye, mikono nyuma, watu wawili tu katika nchi ile yote wanaojua la kufanya. Nikamwelekeza mchungaji kwa mdomo. Ingiza mkono taratibu. Tafuta goti. Sukuma kwanza ndani, usivute. Alikuwa na mikono mikubwa, na alimpenda yule ng'ombe, kwa hiyo alikuwa na haraka. Akavuta. Nikapiga kelele asivute, akavuta tena. Msaidizi akapiga hatua moja mbele, nikamshika shati.

Ndama alitoka amekufa. Ng'ombe alisimama siku ya pili, miguu ya nyuma haimbebi vizuri. Mchungaji akanawa, akanishukuru kwa msaada wangu. Hata sijui kama kuongea vile ni kosa. Nimezisoma zile kurasa tena, hazisemi.

Kule kumshika shati msaidizi ndiko kunakonirudia. Mkono wangu ulikuwa na nguvu sana.

Usiende, Mama.

Mwanao


Ofisini kwa Baraza, benchi la wageni, 29 Septemba

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta nimeshaondoka. Dada yako aliituma kwa mtu, ikanifikia jana nikiwa nimelala kwa watu, nusu ya safari. Nimeisoma mara moja tu. Nilifikiria kurudi, nikaona kurudi ni mbali sawasawa na kufika.

Jengo lao ni dogo kuliko nilivyokuwa nikiwahadithia watu. Ngazi zake zimesuguliwa mpaka katikati pamebonyea. Mapokezi kuna binti karani, mpole, ana mafua. Alinipa benchi, akaniuliza shida yangu. Nikamwambia sina shida, nina swali. Nikauliza, kwa mfano tu, kama mtu anamjua aliyepeleka cheti cha daktari fulani dukani, anafanyaje. Nikamtajia kituo chako. Akatoa faili lako, mwanangu, jembamba kama daftari la mtoto, akalifungua hapo kaunta. Karatasi yangu ilikuwa juu. Nimeona mwandiko wangu kichwa chini.

Akanieleza vizuri, bila haraka, akipenga kamasi. Mtu akijitokeza, kesi inafunguliwa upya. Huyo mtu anakwenda mahakamani. Na daktari, kwa kuwa alisema hamjui, na ikionekana alimjua, atakuwa amelidanganya Baraza. Hilo si la kusimamishwa miaka miwili. Kwa hilo, jina linafutwa kwenye daftari, basi, moja kwa moja. Nikamuuliza kama hakuna mahali pa mtu kueleza jinsi mambo yalivyokuwa, tangu mwanzo, jinsi ilivyoanza kwa nia njema. Akasema kuna fomu ya rufaa, ila ni ya madaktari tu.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga kama vyombo kabatini. Nikawa nimesimama pale nimeshika ukingo wa kaunta, na yule binti akanionea huruma. Akaweka kidole kwenye jina lako. Akaniuliza, "Kwani Mama, wewe ni nani wake huyu daktari?"

Mwanangu, swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, maana sijawahi kumpa mtu nafasi ya kuliuliza. Huwa nimeshamwambia.

Nikamwambia si mtu wangu. Nikasema aliwahi kunitibia mbuzi, nikaona nije niulize hali yake.

Akafunga faili. Akasema basi lazima alikuwa daktari mzuri, kama mtu wa mbuzi mmoja ametoka mbali hivi. Nikasema, wanasema.

Ofisi inafungwa saa kumi. Ameniruhusu nikae hapa mpaka hapo, goti lipumzike.

Mama yako